Irabu si Herufi: Kupima Mafundisho Matatu ya Darasani

Katika shule na madarasa ya dini ya nchi yetu, toka pwani hata nyanda za juu za Kigoma, kuna mafundisho matatu juu ya irabu ambayo hupokewa bila kuulizwa. La kwanza lasema: irabu ni herufi tano, a, e, i, o, u. La pili lasema: Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo. La tatu halisemwi wazi, walakini hufuatwa na wengi: ajuaye kuandika Kiswahili ajua kuandika Kiha pia, kwa kuwa irabu ni zile zile. Nia yetu katika kurasa hizi ni kuyapima mafundisho haya moja moja, tuonyeshe lipi ni kweli, lipi ni nusu ya kweli, na lipi laleta hasara.

Huenda msomaji akaona kwamba jambo lenyewe ni dogo, la kuwafaa watoto wa darasa la kwanza tu. Sivyo. Kiha chasemwa na watu wengi sana katika Kibondo, Kakonko, Kasulu na Buhigwe, wala hakifundishwi shuleni. Karibu kila mtu akiandikaye alijifunza herufi zake katika Kiswahili. Basi kila neno la Kiha liingialo katika karatasi, likiwa ni wimbo, au methali, au jina la ukoo, au habari ya mila, au sala iliyotafsiriwa, hupita katika mlango wa Kiswahili. Mlango huo ukiwa mwembamba kuliko mzigo, kitu kitabaki nje. Twauliza, ni kitu gani kibakicho nje, na je, chaweza kuingizwa?

I. Irabu ni herufi tano

Tuanze na jina lenyewe, maana ndani yake mna chanzo cha kosa. Neno irabu latoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni mabadiliko ya mwisho wa neno yaonyeshayo kazi yake katika sentensi. Mabadiliko hayo hujulikana kwa alama ndogo ziwekwazo juu au chini ya herufi, nazo ni fataha, kasra na dhamma. Waswahili walipojifunza kusoma kwa hati ya Kiarabu walilichukua neno irabu wakaliita kwalo alama hizo zenyewe, na baadaye sauti zionyeshwazo nazo. Kwa hiyo tangu mwanzo irabu kwa Mswahili ilikuwa kitu cha kalamu. Jina la pili, vokali, latoka katika Kilatini, na asili yake ni neno lenye maana ya sauti. Hilo ni jina la kinywa. Majina haya mawili hutumika leo kama kwamba ni kitu kimoja, hali moja lataja alama na moja lataja kilichotiwa alama.

Irabu katika kusema ni nini? Ni sauti itokayo kooni ikapita kinywani bila kuzuiwa mahali popote. Mwalimu na ajaribu mbele ya wanafunzi wake. Aseme pa: midomo hufungana kwanza, kisha pumzi hupasuka. Aseme ta: ncha ya ulimi hugusa ufizi. Aseme sa: pumzi husagika penye meno. Sasa aseme aaa: hakuna kinachogusana wala kusagika, mlango u wazi, na sauti yaweza kudumu maadamu pumzi ipo. Kizuizi ndicho kiitwacho konsonanti, na neno hilo, kwa asili yake ya Kilatini, maana yake ni kitu kisikikacho pamoja na kingine. Njia iliyo wazi ndiyo irabu.

Na tofauti ya irabu moja na nyingine hufanywa na umbo la kinywa. Katika i ulimi huinuka mbele karibu na kaakaa, na midomo hupanuka. Katika e hushuka kidogo. Katika a hulala chini, na taya hufunguka. Katika o huinuka nyuma, na midomo huanza kuviringana. Katika u huinuka nyuma zaidi, na midomo hufanya tundu dogo. Mtoto akitamka i, e, a, o, u kwa mfululizo mbele ya kioo, huona kwa macho yake njia nzima, toka mbele hata nyuma, kupitia chini. Hili lafaa kufundishwa kabla ya herufi yoyote kuandikwa ubaoni.

Sasa twaweza kulipima fundisho la kwanza. Kama irabu zingekuwa herufi tano, basi kila lugha ingekuwa nazo tano. Lakini Kinyamwezi na Kisukuma, lugha za mashariki ya Buha, zina irabu saba. Kikuyu nacho kina saba, na kwa kuwa herufi za Kizungu hazikutosha, waandishi wake walitia alama juu ya i na u. Ndiyo maana jina la mwandishi Ngũgĩ huandikwa hivyo. Aziachaye alama hizo hakuacha pambo. Ameacha irabu mbili na kuweka nyingine mahali pake.

Hata Kiswahili, chenye irabu tano kwa sasa, chaonyesha kwamba zamani mama yake wa Kibantu alikuwa nazo saba. Na atazame msomaji maneno haya. Toka pika twapata pikia, na toka pika twapata mpishi. Toka fuata twapata fuatia, na toka fuata twapata mfuasi. Toka iba twapata ibia, na toka iba twapata mwizi. Herufi i imefuata konsonanti ile ile katika kila jozi. Mbona mara moja huiacha kama ilivyo, na mara moja huigeuza k kuwa sh, t kuwa s, b kuwa z? Jibu la wataalamu wa lugha za Kibantu ni kwamba hizo zilikuwa i mbili. Moja ilibana zaidi, nayo ikailainisha konsonanti iliyoitangulia. Baadaye zote mbili zilikuwa moja katika kutamkwa, lakini athari ya ile ya kwanza ilibaki. Ndivyo ilivyo hata katika Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha: toka gukora huja gukorera, na r hubaki, lakini mfanya kazi ni umukozi, na r imekuwa z. Irabu iliyokufa imeacha nyayo zake penye konsonanti.

Kwa hiyo fundisho la kwanza latupasa kulibadili hivi: Kiswahili kina irabu tano, nazo huandikwa kwa herufi tano. Maneno ni machache, lakini yamezitenga sauti na alama zake, na mambo mengine yote hutegemea kutengwa huko.

II. Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo

Fundisho hili ni nusu ya kweli, na nusu hiyo ni sifa kubwa. Askofu Edward Steere wa Unguja alipotoa kitabu chake cha lugha mwaka 1870 alifuata kanuni ya kwamba irabu zisomwe kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. Kanuni hiyo ilizaa maandishi mepesi kuliko ya lugha nyingi za dunia. Mtoto wa Kiingereza huhangaika miaka kadhaa kujua herufi moja husomwa kwa namna ngapi. Mtoto wetu, akiisha kuzijua tano, amezijua.

Wepesi huo waonekana zaidi tukikumbuka hati iliyotangulia. Hati ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu fupi, maana Kiarabu chenyewe chahitaji tatu. Kasra ikabidi kubeba i na e, na dhamma ikabidi kubeba u na o. Tena katika maandiko mengi ya kale herufi ba ilitumika kwa b, na kwa p, na kwa mb. Basi umbo moja liliweza kusomwa mbili, au mbele, au pili, au pele. Msomaji aliyelijua shairi kwa moyo hakupotea. Aliyelikuta kwa mara ya kwanza alilazimika kubahatisha. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa mmoja wa waliojitahidi kuongeza alama ili hati hiyo itoshe sauti za Kiswahili.

Wala upungufu huo si wa Waswahili peke yao. Waebrania wa kale waliandika konsonanti, wakamwachia msomaji irabu. Jina la Mungu katika Agano la Kale lina konsonanti nne, na kwa heshima Wayahudi hawakulitamka, bali walisoma Adonai, yaani Bwana wangu. Wanazuoni walipotia alama za irabu katika maandiko, kati ya karne ya 6 na ya 10, walizipa konsonanti zile nne irabu za Adonai, ili msomaji akumbuke kusoma hivyo. Wasomaji wa Ulaya wasioijua desturi hiyo waliziunganisha konsonanti za neno moja na irabu za neno jingine, na humo likatoka jina Yehova. Makasisi wote wasomao kurasa hizi walijua jambo hili. Twalitaja kwa sababu halina mfano bora wa kuonyesha kwamba irabu isiyoandikwa haiwi imekosekana. Imewekwa amana katika kumbukumbu ya watu, na amana hupotea walinzi wake wakifa. Wayunani ndio waliochukua herufi za Wafoinike na kuzigeuza baadhi, zilizokuwa za konsonanti wasizozihitaji, kuwa herufi kamili za irabu. Na kwa mkono wao, kupitia kwa Warumi, tulizipata hizi tano.

Sasa nusu ya pili, isiyo kweli. Kwanza, si kila silabi ya Kiswahili ina irabu, ingawa vitabu vingi vya kuanzia husema hivyo. Neno mtu lina silabi mbili, na ya kwanza ni m peke yake. Tena ndiyo ibebayo mkazo. Hali ni hiyo katika mbwa, nchi na nne. Zamani palikuwa na u baada ya m ile, nayo imeanguka kwa Waswahili, lakini kwa Waha haikuanguka: wao husema umuntu, na u hiyo yasikika. Kwa hiyo mtoto wa Kitahana asomapo mutu mahali palipoandikwa mtu, asikaripiwe kama aliyekosa akili. Ametia irabu ambayo lugha ya mama yake ingali nayo. Mwalimu na amwonyeshe kwamba Kiswahili kimeiacha, na mtoto ataelewa kwa siku moja jambo ambalo kwa makaripio haelewi kwa mwaka.

Pili, kuna w na y, ambazo ni irabu zilizojibana kidogo na kusogea upande wa konsonanti. Hapa ndipo waandishi wetu wengi hujikwaa. Kiswahili kina maneno matatu: kua, ndiko kuongezeka kimo, kuwa, ndiko kuwapo, na kuua, ndiko kutoa uhai. Sikio hukaribia kuyachanganya, na kalamu huyachanganya kabisa. Barua isemayo kwamba mtoto fulani amekua ni habari njema. Ikisema kwamba ameua, ni habari ya polisi. Twaona pia watu wakiandika chukuwa, sikiya, fanikiwa, kana kwamba zote ni namna moja. Dawa yake ipo, nayo ni kulinyumbulisha neno. Chukua huwa chukulia, sikia huwa sikilia. Herufi l imezuka baina ya irabu mbili, maana zamani ilikuwapo hapo ikaanguka, basi w na y hazina mahali. Lakini fanikiwa ina w yake ya haki, kwa kuwa ni alama ya kutendwa. Mwalimu afundishaye kipimo hiki hahitaji kuwakaririsha watoto orodha ndefu za maneno.

Tatu, kuna irabu mbili zifuatanazo. L ile iliyoanguka imeacha mapengo mengi. Mswahili husema njaa, Mrundi inzara. Mswahili mguu, Mrundi ukuguru. Mswahili juu, Mrundi hejuru. Kwa hiyo aa na uu za Kiswahili si irabu moja ndefu. Ni silabi mbili, na mkazo hukaa juu ya ile ya kwanza kati ya hizo mbili, kama ilivyo desturi ya silabi ya pili toka mwisho. Mtu asiyelijua hili husoma vibaya bila kuongeza wala kupunguza herufi hata moja. Kufa na kufaa, kata na kataa, lipa na lipaa la kubuni: tofauti haikai katika urefu tu, bali katika mahali pa mkazo. Na katika ibada neno lisilo na mbadala ni kondoo. Msomaji akilivuta mkazo nyuma na kuifupisha irabu ya mwisho, amesema kondo, na kila mama aliyewahi kuzaa ajua kondo ni nini. Kosa la namna hiyo mbele ya altare halirekebishwi kwa kusahihisha kitabu, maana kitabu hakina kosa. Lahitaji mwalimu aliyemfundisha msomaji kwamba alama mbili za o ni hatua mbili za sauti.

Basi fundisho la pili tulisahihishe hivi: Kiswahili huandikwa karibu sana na kisemwavyo, lakini mkazo hauandikwi, wala silabi hazitengwi, hayo msomaji sharti ayalete mwenyewe.

III. Ajuaye kuandika Kiswahili ajua kuandika Kiha

Hapa ndipo penye hasara kubwa, na hapa tutakaa zaidi.

Ni kweli kwamba Kiha kina irabu tano, na zote zaweza kuandikwa kwa herufi zile zile. Lakini katika Kiha, kama katika Kirundi na Kinyarwanda, kila irabu yaweza kuwa fupi au ndefu, na urefu huo hubagua maneno. Juu ya hayo kuna kupanda na kushuka kwa sauti, ambako nako hubagua maneno na nyakati za kitenzi. Hayo mawili, urefu na toni, Kiswahili hakina kwa namna hiyo. Basi anayechukua maandishi ya Kiswahili na kuyavika Kiha hupata herufi zote tano na kukosa vitu viwili ambavyo havikuwa na mahali katika vazi hilo.

Askofu Jan van Sambeek wa Mapadre Weupe, aliyekuwa mchungaji wa jimbo la Kigoma, aliandika sarufi ya Kiha pamoja na habari za imani na desturi za Waha. Mwaka 2004 Lotta Harjula alitoa kitabu kilichochapwa Köln, Ujerumani, chenye sarufi, masimulizi na msamiati wa Kiha. Kazi hizo ni za thamani, lakini haziko mikononi mwa katekista wa kijijini. Yeye huandika kwa mazoea, na mazoea yake ni ya Kiswahili.

Tutoe mfano ulio karibu na kila Muha. Mtawala wa Heru, wa Muhambwe na wa Buyungu aliitwa Mwami. Kwa Kiha kamili ni umwami, na wengi wao ni abami. Neno hili lina kiambishi umu na shina ami. U ya umu ilipokutana na a ilijibana ikawa w, na kwa kuwa nafasi yake katika wakati haikupotea, a iliyofuata ikaichukua, ikawa ndefu. Katika abami, a ya aba na a ya ami zimekutana zikawa moja, nayo ndefu. Ndivyo ilivyo pia katika umwana na abana. Mwandishi wa Kiswahili huandika Mwami na kudhani amemaliza. Amefuta irabu ya mwanzo, na amefupisha ile ya katikati. Vivyo hivyo kuhani wa ardhi wa Waha, umuteko, katika vitabu vya Kiswahili amekuwa Mteko: irabu nne zimekuwa mbili.

Je, irabu ya mwanzo ni kitu kikubwa? Wengine huifuta wakisema haina maana, kwa kuwa Kiswahili huishi bila hiyo. Hukumu hiyo si ya haki. Katika lugha za jamii hii irabu ya mwanzo ina kazi yake, nayo huonekana zaidi pale inapoondoka. Mrundi husema umuntu, lakini akikana husema nta muntu, yaani hakuna mtu; u imeondoka kwa amri ya sarufi. Ikiwa mwandishi ameifuta kila mahali, msomaji hataona tena ni wapi iliondoka kwa sababu na ni wapi iliondolewa kwa uvivu. Tena irabu hiyo hukutana na irabu ya neno litanguliayo: na umuntu katika kusema huwa n'umuntu. Warundi wameweka alama ya ritifaa hapo, na msomaji huona maneno yote mawili. Waandishi wa Kiha hawana mapatano. Mmoja huandika na muntu, mwingine numuntu, mwingine nu muntu, na wakati mwingine ni mtu yule yule katika ukurasa mmoja.

Sasa twaja kwenye swali lenyewe: urefu uandikwe au usiandikwe? Hapa twaona jirani zetu wamechagua njia mbili. Waganda, katika mkutano wa maandishi wa mwaka 1947, walipatana kuandika irabu ndefu kwa kurudia herufi. Kwao okusiba ni kufunga kitu, na okusiiba ni kushinda kutwa, na pia kufunga saumu. Walakini hawakurudia herufi kila mahali. Pale ambapo urefu hujulikana wenyewe, baada ya w au y iliyotokana na irabu, na kabla ya konsonanti yenye king'ong'o mbele yake, waliacha herufi moja. Kwa hiyo huandika omwana na okugenda, na kila Mganda huvuta irabu bila kuambiwa.

Wanyarwanda na Warundi walichagua njia nyingine. Katika maandishi ya kila siku hawaonyeshi urefu wala toni. Mambo hayo huonyeshwa katika vitabu vya wataalamu tu, kama sarufi ya Kirundi ya A. E. Meeussen ya mwaka 1959. Neno umuryango katika karatasi laweza kuwa ukoo na laweza kuwa mlango wa kuingilia. Sikio hupambanua kile ambacho jicho halikupewa. Njia hiyo imewafaa kwa sababu lugha zao hufundishwa shuleni, husikika redioni, na watoto wao husoma kila siku maneno waliyokwisha kuyajua. Kumbukumbu ya taifa zima huziba pengo la karatasi.

Waha wengi huifuata njia ya pili bila kuichagua. Tangu wakimbizi walipoingia kwa wingi Kibondo na Kasulu, na kambi kama Nyarugusu kufunguliwa mwaka 1996, Kirundi kimesikika zaidi katika nchi hizo, na vitabu vya Kirundi vimesomwa na Waha pia. Lakini twaomba wasomaji watambue tofauti. Mrundi huacha urefu bila kuuandika akiwa na shule nyuma yake. Muha huuacha akiwa hana. Mzee wa Muhambwe akifariki, naye alikuwa akiijua methali fulani na jina la tambiko fulani, na karatasi iliyobaki ina herufi tano tupu, ni nani atakayejua irabu ipi ilikuwa ndefu? Mjukuu aliyekulia Kigoma mjini au Dar es Salaam atalisoma neno hilo kwa mkazo wa Kiswahili, na atakuwa na haki, maana hakuna kilichomwonya. Hapo yale yaliyowapata wasomaji wa jina la Mungu yatakuwa yametupata sisi: konsonanti za wazee, na irabu za kukisia.

IV. Shauri letu

Wapo watakaosema kwamba alama nyingi humchosha msomaji, na maandishi yaliyojaa herufi mbili mbili huogofya macho. Twakubali kwamba hoja hii ina uzito. Kitabu cha nyimbo kisicho na mtu wa kukisoma hakina faida hata kikiwa sahihi kiasi gani. Kwa sababu hiyo hatushauri kuandika kila kitu, bali twapendekeza mambo manne.

Kwanza, irabu ya mwanzo iandikwe daima mahali isikikapo, na iachwe mahali pale tu ambapo msemaji mwenyewe huiacha. Panapokutana irabu mbili za maneno mawili, itumike ritifaa kama Warundi wafanyavyo.

Pili, urefu uandikwe kwa kurudia herufi pale ambapo hauwezi kujulikana kwa njia nyingine. Baada ya w na y ya viambishi, na kabla ya mb, nd, ng na wenzao, mwandishi asikilize kwanza. Akiona kwamba irabu hapo ni ndefu sikuzote, na aandike moja, kwa kanuni ya Waganda. Hivyo umwami itabaki umwami, na macho hayatachoka.

Tatu, toni isiandikwe katika vitabu vya watu wote, ila itiwe alama katika orodha za maneno, katika methali, na katika majina ya mila na ya mahali, maana hayo ndiyo yasiyo na maneno mengine kando yake ya kumwongoza msomaji.

Nne, yaandikwayo yajaribiwe. Njia yake ni rahisi, nayo haihitaji chombo chochote. Mtu mmoja na asikilize neno toka kwa mzee na kuliandika. Karatasi ipewe mtu wa pili ambaye hakulisikia, naye alisome kwa sauti mbele ya mzee yule. Mzee akilitambua neno lake, maandishi yametosha. Akiuliza, wasema nini, maandishi yamepungua, hata kama yanapendeza namna gani. Mwalimu wa Kitahana akiwa na wanafunzi wawili na mzee mmoja, ana mahakama kamili ya kuhukumu tahajia.

Fundisho la tatu, basi, twalikataa. Ajuaye kuandika Kiswahili amepata herufi nzuri za kuanzia kuandika Kiha. Lakini bado hajasikiliza, na kusikiliza hakurithiwi kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Tukiyakusanya yote matatu twaona kwamba kosa lake ni moja: alama imewekwa mahali pa kitu, na watu wakaacha kukiangalia kitu chenyewe. Irabu ni pumzi ya mtu ipitayo bila kuzuiwa. Herufi ni wino. Wino twaweza kuubadili tupendavyo, na mataifa mengi yameubadili mara nyingi. Pumzi za wazee wa Buha haziongezeki, bali zapungua kila mwaka. Kwa hiyo twawasihi walimu na makasisi walioko Kibondo, Kakonko, Kasulu na Buhigwe waanze na orodha fupi ya maneno 50, yaliyosikilizwa na kujaribiwa kwa njia tuliyoieleza, kabla ya kubishana juu ya kanuni. Orodha kumi za namna hiyo, zikiwekwa pamoja, zitatuonyesha kanuni zenyewe bila mabishano mengi, na wale watakaoandika baada yetu hawatalazimika kukisia.